Gari la Hospitali na Nyumbani

Gari lilikuwa la kijivu, milango minne, la umri wa kuoa na kuzaa. Mtoto wa kaka yangu alilileta Jumamosi saa nne asubuhi, nikiwa naanika nguo, akapiga honi mara tatu ili majirani watoke. Wakatoka. Mtaani kwetu hakuna honi inayopigwa bure.

Huyu mtoto wa kaka mimi humwita Mbishi, hata mbele ya wageni. Ubishi aliuanza tumboni, mama yake alipitiliza wiki tatu na bado akatoka kwa kuvutwa. Lakini moyo anao. Figo za mke wake ziligoma mwaka juzi, na tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi lazima yule binti apelekwe hospitali kubwa, ng'ambo ya vilima, akasafishwe damu kwa mashine. Saa nne asubuhi awe ameshakaa kwenye kiti chake. Akikosa zamu, maji yanabaki mwilini, miguu inavimba, kifua kinabana. Akikosa zamu mbili mfululizo, sista mkuu alishatuambia kwa mdomo wake, tusimuulize yeye ilikuwaje.

Kwa hiyo Mbishi akaapa kuwa mke wake hatasimama tena kwenye foleni ya basi, miguu imejaa kama mito ya kochi. Akatafuta gari, akalipata kwa mzee mmoja mjane, mpole, aliyevaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Nilikwenda naye siku ya kulikagua, maana mbishi naye huhitaji wa kumbishia.

"Gari hili halijachoka," mzee akasema. "Lilikuwa la hospitali na nyumbani, basi."

Tukafurahi. Mimi mwenyewe nilisema hiyo ni bahati, gari linaijua njia. Mimi ambaye huuliza mpaka paka wa jirani amezaa na nani, siku hiyo sikuuliza aliyekuwa anakwenda hospitali ni nani. Nilichouliza tu ni kwa nini analiuza. Mzee alikitazama kwanza kiti cha nyuma, ndipo akanijibu kwamba macho yake yamechoka.

Jumatatu wakatoka saa mbili unusu, Mbishi kwenye usukani, binti nyuma, upande wa kushoto, mahali anapoweza kuulaza ule mkono wake wa sindano. Nusu saa baadaye, bondeni, penye lile tangi kuukuu la maji lililotoboka kwa kutu, gari likazimika. Halikukohoa, halikutoa moshi. Lilizimika kama taa. Mbishi akazungusha ufunguo, stata ikazunguka, injini haikuwaka. Bonde lile simu haishiki. Lori la mchanga likawahurumia, likambeba binti akiwa amekaa kati ya dereva na utingo wake, akafika saa tano na nusu. Sista akampa nusu ya muda wake, na maneno mazima.

Gari? Mbishi aliporudi kulifuata, likawaka kwa mara ya kwanza, kama lilikuwa linamsubiri aondoke.

Jumanne wakalipeleka kwa Miwani. Miwani ndiye fundi wetu, ana banda la mabati na shimo moja la kuingilia chini ya magari, na miwani yake imefungwa sikioni kwa waya wa spika. Ni fundi mzuri, sitamsengenya kwa hilo. Kasoro yake ni kwamba hagusi kitu bila kukifundisha kwanza.

"Lilizima likiwa limepata moto?"

"Limepata moto," Mbishi akajibu.

"Likapoa likawaka?"

"Likawaka kama halikufanya kitu."

"Sensa ya injini," akasema Miwani, akavua miwani na kuifuta.

Ile mashine yake ya kusomea magonjwa ya magari haikuingia kwenye soketi ya gari letu. Gari la zamani mno. Basi ikawa ni kutafuta kwa mkono, kama mtu anayetafuta sindano iliyoangukia ndani ya godoro. Mbishi, kwa sababu ni Mbishi, akashikilia waanze na sensa ya juu, ile inayoonekana ukifungua boneti. Miwani akamwambia dalili hizi ni za sensa ya chini. Mbishi akasema ya juu. Wakabadilisha ya juu. Nusu siku ikaisha. Wakalizungusha gari mtaani mpaka likapata moto, likazimika mbele ya duka la simenti, na wapakuzi wote wakalisukuma huku wakimuuliza Mbishi kama ni la kukodi au la adhabu.

"Sasa tufanye yangu?" Miwani akauliza.

"Fanya yako," Mbishi akasema, uso umemshuka.

Sensa ya chini hukaa nyuma ya injini, pale injini inapokutana na giaboksi. Kazi yake, alivyonieleza Miwani nikiwa nimekaa juu ya tairi, ni kuiambia injini kwamba inazunguka. Isipoambiwa, haitoi cheche wala mafuta. Inakuwa kama mtu aliyesahau kuvuta pumzi. Macho hayafiki huko. Miwani aliingia shimoni, akapenyeza mkono mpaka begani, akafumba macho kama anayepapasa mayai chini ya kuku mkali. Bolti moja tu, ya spana namba kumi, ikamchukua saa mbili kwa kutu. Kibanio cha soketi kikavunjika, na maneno aliyoyasema siwezi kuyaandika, nina wajukuu wanaojua kusoma.

Lakini alithibitisha. Kabla ya kuitoa aliliacha gari lipate moto likagoma, akaimwagia sensa kikombe cha maji ya baridi, gari likawaka. Alipoitoa akaiunganisha na mita yake, akaazima mashine ya kukaushia nywele kwenye saluni ya jirani, akaipuliza. Ilipopata moto, namba kwenye mita zikapotea. Ilipopoa zikarudi.

"Umeona, Shangazi? Ikipata moto inasahau kazi."

Nikaona. Ikabidi hata nirudi kwa watu wawili ambao nilishawaambia kuwa ni kijicho cha yule jirani mwenye pazia la kijani, niwaombe wayasahau.

Miwani aliinusa ile sensa kuukuu kabla ya kuitupa. "Ajabu," akasema. "Inanuka spiriti ya hospitali."

Wakatia mpya. Wakaliacha gari liwake pale bandani saa mbili nzima, jua la mchana, boneti limefungwa ili joto lizidi. Halikutikisika. Mbishi akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Alhamisi nikasema nami nakwenda. Nilikaa mbele. Binti nyuma, kushoto kwake palepale. Tulipotoka mjini aliomba nimpe shuka.

"Jua lote hili?" nikamuuliza.

"Kiti kina baridi, Shangazi. Na ni chembamba. Kila nikijiweka sawa ni kama nasukumwa kidogo."

Tukateremka bondeni. Tangi likaonekana. Gari likazimika.

Mbishi aliweka paji la uso juu ya usukani, akakaa hivyo. Halafu akautwanga kwa viganja vyote viwili. "Haiwezekani. Ni mpya. Ni mpya, Shangazi."

"Simamisha gari lolote, mkeo apande," nikamwambia. "Injini utaigombeza baadaye."

"Ni ile soketi tu, kibanio kimevunjika, imelegea. Nakwenda pale juu simu inaposhika, nimwite Miwani. Dakika kumi."

"Baba, saa tatu sasa."

"Dakika kumi, Shangazi."

Akapanda mlima kwa hasira, anateleza kwenye kokoto. Nikashuka nami kwenda nyuma ya tangi, maana uzee una haja zake. Niliporudi nilimwona binti kupitia kioo. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Uso ameugeuzia upande wa kulia wa kiti, palipokuwa hapana mtu.

Nikafungua mlango. "Unaongea na nani?"

Alinitazama kana kwamba nimemkatiza. Akanong'ona. "Shangazi, nani huyu tuliyekuja naye?"

"Tumekuja sisi watatu, mwanangu."

"Amenishika mkono. Anasema nimwambie asiende."

"Nani asiende?"

"Anasema wote huenda kutafuta fundi."

Mkono wa mgonjwa ulikuwa juu ya paja, umefungwa ngumi. Nikajaribu kuufungua ili niusugue upate joto. Haukufunguka. Haukuwa umejifunga wenyewe.

Magari mawili yakapita, nikapunga, hayakusimama. Miwani alifika na pikapu yake baada ya saa nzima, Mbishi kando yake, saa ya zamu yetu ikiwa imeshapita. Akafungua boneti, akalala kifudifudi juu ya injini, mkono ndani. Mbishi akakaa kwenye usukani. Mimi nilisimama kando ya Miwani, nikimshikia tochi kwenye lile giza la nyuma ya injini.

"Naichomoa soketi," Miwani akasema. "Sensa sasa haina waya. Washa, nisikie stata tu. Haiwezi kuwaka."

Mbishi akazungusha ufunguo.

Ikawaka.

Ikawaka taratibu, laini, kama gari lililotoka kiwandani wiki jana. Miwani alikuwa ameshika soketi mkononi, nje kabisa, waya unaning'inia. Aliitazama. Akaitazama injini. Kandambili yangu moja ikanivuka bila mimi kujua.

"Zima," Miwani akasema.

Injini ikaendelea.

"Nimesema zima."

"Nimezima," Mbishi akajibu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akatoa mkono dirishani. Ufunguo ulikuwa kwenye kiganja.

Injini ilizunguka. Jua la saa nne na nusu lilikuwa juu yetu, na nzi, na kokoto. Ndani, kwenye kiti cha nyuma, binti alikuwa ameinamisha kichwa kama anayemsikiliza mtu mwenye sauti ya chini. Halafu injini ikapungua, ikapungua, ikatoa pumzi moja ndefu, ikanyamaza.

"Mimi," Miwani akasema, "sijafundishwa hii."

Tukampakia binti kwenye pikapu. Tulifika hospitali saa sita kasoro. Kiti chake alishapewa mtu mwingine, na zamu ya mchana imejaa. Sista mkuu hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Alibonyeza mguu wa binti kwa kidole, shimo likabaki pale lilipo. Akasema mashine zote zimejaa mpaka Jumatatu, apewe maji kwa kijiko, alazwe kichwa juu, na Jumatatu tusikose. "Jumatatu saa nne," akasema. "Sitaki kusikia habari za gari."

Ijumaa Miwani akabadilisha tena. Sensa ya tatu, kutoka duka lingine. Soketi mpya, waya mpya kutoka mwanzo hadi mwisho. Alifanya kazi hiyo kimya, bila kufundisha, na hapo ndipo nilipojua kuwa anaogopa. Alipomkabidhi Mbishi ufunguo alikuwa ameuzungushia kitambaa.

Mimi usiku huo sikupata usingizi, na mtu asiyelala hufikiri. Hospitali na nyumbani. Ya nani?

Jumamosi nikachana upindo wa gauni langu kwa makusudi, nikaenda mtaa wa yule mzee mjane. Mbele ya nyumba yake kuna fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sindano kwenye kola. Nikajisemea, huyu amekaa mlangoni miaka ishirini, huyu ni gazeti.

Nikampa gauni. Nikasifu mshono wake. Nikalalamikia magoti. Nikamwambia nimeona mzee wa pale kwake ameuza gari.

"Afadhali," akasema. "Lilikuwa linamla."

"Kumla vipi, dada?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akapunguza sauti. Nami nikasogeza kigoda, maana habari iliyopunguzwa sauti ndiyo habari.

"Mke wake alikuwa na figo. Kila Jumatatu na Alhamisi anampeleka kusafishwa damu. Gari likaanza maradhi ya kuzimika. Watu wakamwambia, mzee, kabadilishe kile kidude. Akasema hakina neno, likipoa linawaka. Alhamisi moja likazimika bondeni kule, penye tangi. Mama hali yake mbaya. Akamwambia mumewe, usiende, simamisha gari lolote linipeleke. Mzee akamwambia, nisubiri, nafuata fundi, dakika kumi."

"Akarudi lini?"

"Baada ya saa tatu nzima. Na fundi kweli amempata. Sasa sikiliza, dada yangu. Walipofika walifungua boneti kwanza." Akakanyaga cherehani mara moja, akaiacha. "Wameshughulika na injini nusu saa ndipo mmoja akakumbuka kwenda kumtazama mama."

"Alikuwa amekaa upande gani?"

"Nyuma, kushoto. Uso ameugeuza, mkono ameunyoosha juu ya kiti kama anayetafuta mtu wa kumshika." Akakata uzi kwa meno. "Upindo tayari."

Jioni nikamweleza Mbishi. Alinisikiliza huku amekunja mikono.

"Shangazi, injini haina habari za marehemu. Miwani alichomoa waya usio wenyewe. Sasa kila kitu ni kipya. Nimelijaribu leo, nimeendesha saa mbili."

"Ulikwenda bondeni?"

Akaiinamia kamba ya kiatu chake.

"Mtoto wewe, mwenzio alibishana na gari mpaka akamzika mke."

Sauti ikatoka chumbani, ya binti, inakatikakatika kwa pumzi. "Kodi gari jingine. Mimi sitaki kukaa naye tena pale. Ananionea huruma mno."

Mbishi alikodi gari. Wallahi alikodi, jipya, la kijana mmoja mwenye adabu, walipatana aje Jumatatu saa moja na nusu. Jumatatu hiyo binti aliamka macho yamevimba, maneno anayatoa mojamoja. Hawezi kulala chali, hawezi kukaa. Saa moja na nusu simu ya Mbishi ikalia. Nilimsikia yule kijana akisema ndani ya simu.

"Kaka, nisamehe. Stata inazunguka, haiwaki. Jana lilikuwa zima kabisa."

Wengine aliowapigia wako mbali, au hawapokei. Saa mbili. Saa mbili na robo. Binti akaanza kutoa mlio kifuani kama birika linalotaka kuchemka. Mbishi alisimama uani, amelitazama lile gari la kijivu, machozi ya hasira yanamtoka. Mtu mzima yule.

"Pakia," nikamwambia. "Na leo utanisikiliza mimi."

Tulimweka binti nyuma, upande wa kulia. Kushoto nikapaacha wazi. Nikafuta kile kiti kwa kitambaa safi, nikafunga mlango bila kuubamiza. Mimi nikakaa mbele. Mbishi aliona nilichokifanya, akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

Gari lilikwenda vizuri. Nilikuwa nasikia pumzi za binti nyuma yangu, fupi, fupi. Baada ya muda nikasikia na nyingine. Ndefu.

Sikugeuka.

Tukateremka. Tangi likaonekana. Injini ikazimika.

Mbishi aliushika mlango. Nikamshika mkono.

"Usishuke."

"Shangazi, anakufa. Niache nipande juu nipige simu."

"Usishuke. Usifungue boneti. Kaa hapo."

"Nikae nifanye nini?"

"Kaa."

Alikaa. Akaushika usukani kwa mikono miwili. Kifua cha binti kililia, kikapumzika, kikalia. Kilipumzika muda mrefu mno. Hapo nikageuka.

Macho ya binti yalikuwa yamefumba. Mkono wake wa sindano ulikuwa umenyooshwa juu ya kile kiti kitupu, kiganja juu. Nyama ya mkono imebonyea kama inayoshikwa na vidole. Mahali panne, na pa tano pa dole gumba. Panabonyea, panaachia. Panabonyea.

Na godoro la kiti lilikuwa limezama.

Maneno mengi ninayo, mwenye kunijua anajua. Wakati ule nilipata machache tu, nikayasema kwa sauti ya kumwambia mgonjwa mwenzangu wodini.

"Mama. Hakuna anayekwenda kutafuta fundi. Hakuna anayekuacha. Tunakwenda wote, na wewe tunakufikisha."

Lile tangi la kutu lilikuwa likilia kwa upepo.

"Mwambie na wewe," nikamnong'oneza Mbishi.

Alilamba midomo. Alikuwa akitazama mbele, kwenye kioo. "Siendi popote, Mama," akasema. "Sikuachi."

Ufunguo haukuguswa. Nilikuwa nautazama. Injini ikawaka.

Hatukusimama mpaka lango la hospitali. Saa nne kasoro dakika saba. Mhudumu wa viti vya magurudumu akaja mbio, akakisukuma kiti chake moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma wa kushoto, akaufungua, akainama, akanyoosha mikono. Kisha akasimama vile vile ameinama, anatazama. "Samahani," akasema polepole, "nilidhani..." Akazunguka upande wa kulia. Ule wa kushoto aliuacha wazi. Hakuna aliyeufunga.

Binti akapandishwa kwenye mizani, akapelekwa kwenye mashine. Sista mkuu alitazama saa yake, akatutazama, akasema "Haya," na kwa mtu kama yule hiyo ni hotuba. Kwa muda wa saa nne damu yake ilizunguka kwenye ile mipira. Mbishi alisinzia kwenye benchi la ukumbini. Mimi sikusinzia. Nilikuwa nahesabu watu waliokuwa wakiingia chumba kile na waliotoka, na hesabu haikulingana, lakini mimi shule sikuimaliza, huenda nilikosea.

Mchana alitoka kwa miguu yake. Uso umerudi kuwa wake. Alicheka hata na mhudumu. Tukampandisha nyuma kulia, akalala njia nzima, na bondeni gari likapita penye tangi bila kukwama, kama barabara yoyote ile.

Nyumbani Mbishi alimshika mkewe akampeleka ndani. Nikabaki natoa shuka. Nikaufungua mlango wa nyuma wa kushoto.

Godoro la kiti lilikuwa limeinuka, limetulia. Katikati yake palikuwa na kipande cha pamba na plasta, ile wanayobandika kwenye mkono wakishatoa sindano. Damu katikati, duara dogo, nyekundu kabisa.

Nikaita. Mbishi akatoka, nikamwonyesha. Akarudi ndani mbio, nikamsikia akimuuliza mkewe aonyeshe mkono. Akarudi.

"Ya kwake anayo," akasema. "Bado imebandikwa."

Nilingoja abishe. Angesema ni ya mtu mwingine, imenata kwenye nguo, imeanguka. Nilingoja kweli. Alisimama tu, mikono imelegea, anaitazama ile pamba kwenye kiti.

Niliiokota kwa ncha za vidole. Ilikuwa bado na joto.